Daftari la Presha

Mhadhara kwa wazee, akina mama, waendesha boda na wahudumu wa afya wa vijiji vya Buhehe, wilayani Busia, Uganda



Nianze na kosa langu mwenyewe, mimi muuguzi. Miaka kadhaa iliyopita, siku ya soko, foleni ya wagonjwa ilikuwa imefika nje ya ua wa kituo nilikokuwa nikifanya kazi. Mama mmoja akaketi mbele yangu amevaa gomesi. Mnaijua mikono ya gomesi: bega limesimama kama pembe, kitambaa kizito, na ndani yake kitambaa kingine. Kumwomba autoe mkono kulihitaji pazia, na pazia hatukuwa nalo. Nikaukunja ule mkono wa nguo hadi ukambana kama kamba ya kufungia kuni, nikafunga mkanda wa mashine chini yake. Mama alikuwa ametembea kutoka mbali, mtoto mgongoni, na muda wote mashine ikivuma alikuwa akinieleza jinsi mbuzi wa jirani walivyomaliza mihogo yake. Ikasoma 168 kwa 98. Nikamwandikia dawa, nikaita, “Mwingine!”

Baada ya wiki mbili akarudi, analalamika kwamba kila akiinuka kwenye kigoda dunia inazunguka. Siku hiyo alimpokea mwenzangu, muuguzi wa kike. Akampeleka chumba cha ndani, mtoto akashikwa na dada yake, mama akakaa dakika tano bila kuulizwa neno, akapimwa kwenye mkono mtupu. 108 kwa 66. Tukamsimamishia dawa na kumpima siku nyingine tatu ndani ya mwezi ule. Kila mara ilikuwa chini ya 130. Yule mama hakuwa na presha. Alikuwa na gomesi, na mtoto mgongoni, na mbuzi wa jirani.

Nimeanza na hilo kwa sababu wengi wenu mmekuja kuniuliza dawa gani ni kali, na mimi nataka kwanza tuzungumze juu ya namba. Malaria tunaijua kwa baridi na homa. Kidonda tunakiona. Presha haina mahali inapouma. Ndiyo maana ni lazima ihesabiwe, na hesabu ikikosewa, mtu asiye mgonjwa anapewa dawa asiyoihitaji, na mgonjwa anarudishwa nyumbani akiambiwa yuko sawa.

Namba yenyewe ni ya nini? Mwaka 1733, Mwingereza Stephen Hales alichapisha habari za jaribio alilomfanyia farasi: aliunganisha bomba la kioo na mshipa wake, na damu ikapanda ndani ya bomba zaidi ya futi nane. Binadamu hatuwezi kumfanyia hivyo, tukashukuru Mungu mwaka 1896 Mwitaliano Scipione Riva-Rocci alipokuja na mkanda wa kubana mkono, na mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaonyesha jinsi ya kusikiliza mshipa kwa kifaa cha sikioni mkanda unapolegezwa. Mlio ukianza, hiyo ndiyo namba ya juu, nguvu ya damu moyo unaposukuma. Mlio ukiisha, hiyo ni ya chini, nguvu inayobaki moyo unapopumzika. Tunapima kwa milimita za zebaki, na zebaki ni nzito mara 13.6 kuliko maji. Kwa hiyo mtu mwenye 140, kama mshipa wake ungeunganishwa na bomba la maji, maji yangepanda karibu mita 1 na sentimita 90, kumpita kichwani mrefu wenu yeyote aliyesimama pale mlangoni. Mwenye 180, yangepanda karibu mita 2 na nusu. Mishipa ya ubongo na ya figo, myembamba kama uzi, inabeba mzigo huo usiku na mchana, kila moyo unapopiga.

Vijana wa boda, gurudumu lililojazwa upepo kupita kiasi halilalamiki. Pikipiki inateleza vizuri tu, tena nyepesi. Siku ya kupasuka ndiyo mnajua, na kwa kawaida halipasuki mkiwa mmeegesha.

Mpaka wetu ni 140 kwa juu au 90 kwa chini. Ikifika hapo, au moja tu kati ya hizo mbili ikifika, na ikarudia kufika siku nyingine ulipopimwa vizuri, una presha. Siku moja haitoshi, isipokuwa namba iwe kubwa mno, 180 kwa 110 na kuendelea; hapo hatungoji mwezi ujao. Na ikiwa kubwa hivyo huku mtu anaumwa kifua, anashindwa kupumua, mdomo umepinda, mkono umekufa ganzi au mama mjamzito anaona ukungu machoni, asisubiri hata chai. Ni hospitali, Masafu au ile iliyo karibu zaidi, kwa chombo chochote kilichopo.

Kupimwa vizuri ni kitu cha kawaida kabisa, ila hakipendi haraka. Uwe umekojoa. Usiwe umekunywa kahawa au kuvuta sigara nusu saa iliyopita. Ukae kwenye kiti chenye mgongo, si benchi, nyayo zote mbili chini, miguu isipishane. Mkono uwe mtupu, umelala juu ya meza, usawa wa moyo. Mkanda uwe wa saizi ya mkono wako: mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba bure. Unyamaze, na anayekupima naye anyamaze. Kisha upimwe mara mbili, pakiwa na dakika moja katikati. Akina mama wa gomesi, siku ya kliniki vaeni blauzi ya mikono mipana ndani. Wahudumu, mkiambiwa hakuna pazia, leteni leso mbili na kamba. Mimi nilijifunza kwa aibu.

Najua mzee mmoja hapo mbele ananisubiri nimalize ili aseme: “Mimi presha yangu naijua, ikipanda kichwa kinagonga.” Mzee wangu, kichwa hugonga kwa njaa, kwa jua, kwa malaria, kwa mkopo wa kikundi. Nimewapima watu wenye 200 waliokuja kituoni kumsindikiza mgonjwa mwingine, wao wenyewe hawaumwi popote. Na nimewapima wenye kichwa cha kupasuka wakiwa na 118. Vivyo hivyo na mawazo. Tunasema fulani amepata presha kwa sababu ya mawazo, ya mtoto aliyeasi, ya shamba lililouzwa. Mawazo hupandisha namba kweli, kama vile kupanda mlima kunavyoipandisha, halafu inashuka. Ugonjwa wa presha ni ule unaobaki hata siku shamba limerudishwa na mtoto ameomba radhi. Anayengoja mawazo yaishe ndipo aanze dawa, anangoja mvua ya Januari.

Sasa niwapeleke nyuma kidogo, maana hapa petu pana historia ambayo wengi hawaijui.

Mwaka 1929, daktari Mwingereza aitwaye C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo Kusini, ng'ambo ya Ziwa Viktoria letu hili upande wa Kenya, alichapisha katika jarida la Lancet vipimo vya presha vya watu 1,000 wa huko. Vijana walikuwa na namba zinazofanana na za vijana wa Ulaya. Lakini kwa Wazungu namba ilipanda kadiri mtu alivyozeeka, na kwa wale wazee wa Kavirondo haikupanda. Baada ya miaka 40 ilielekea kushuka. Na katika hospitali yake hakuwahi kumlaza mgonjwa wa presha. Kichwa cha makala yake kimeandikwa kwa lugha ya wakoloni ya wakati ule, na mimi sikipendi, ila daftari lake la namba nalithamini sana. Linatuambia kwamba babu zetu, watu wa damu hii hii, waliokula kwenye ziwa hili hili, walizeeka bila presha.

Kwa hiyo mtu akikwambia presha ni ya damu ya Mwafrika, muulize ilikuwa wapi mwaka 1929.

Miaka ya 1960, A. G. Shaper wa Makerere na wenzake waliwapima vijana Wasamburu walioingia jeshini Kenya. Nyumbani walikunywa maziwa. Kambini walipewa mgao wa jeshi, chumvi ikiwemo. Presha yao ikapanda. Halafu miaka ya 1980, Neil Poulter na wenzake wakafanya jambo la subira: waliwafuata vijana wa Kijaluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Haikuchukua miaka. Ndani ya wiki za mwanzo mjini namba za wahamiaji zilikuwa tayari juu ya zile za waliobaki. Mkojo wao ulikuwa na sodiamu zaidi, yaani chumvi, na potasiamu kidogo, yaani mboga na matunda vilipungua. Uzito ulipanda, mapigo ya moyo yakaenda mbio. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Wale vijana hawakubadilisha ukoo wala damu njiani. Walipanda basi tu.

Sisi wa Busia hatukuhitaji hata basi. Nairobi imetufuata nyumbani. Hapa mpakani ndipo boda ilipozaliwa: baiskeli zenye kiti cha nyuma, zikivusha watu na mizigo kutoka mpaka hadi mpaka, mwendeshaji akipiga kelele “boda, boda!” Baba zenu waliendesha kwa misuli ya mapaja siku nzima. Leo wewe kijana unakaa juu ya injini kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, unakula chipsi stendi na soda ya baridi, unarudi usiku umechoka bila kuchoshwa na kazi ya mwili. Sikulaumu, nami nimekuja hapa kwa boda.

Na chumvi. Hapa naomba tukae kidogo, maana kila ninapoingia jikoni kwenu naona kitu ambacho mabango ya hospitali hayakitaji. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kimoja cha chai kisichojaa mlima, pamoja na ile iliyojificha ndani ya mkate na viungo vya pakiti. Mama akiambiwa hivyo anatii, anapunguza chumvi kwenye mboga. Kisha anafungua kikopo cha pili, anachota magadi, anayatupa kwenye sufuria ya mrenda ili ulainike na kuteleza, na anayatupa tena kwenye maharagwe ili yaive upesi na kuni zisiishe. Magadi hayana ladha kali ya chumvi, kwa hiyo ulimi hauhesabu. Lakini magadi ni sodiamu kama chumvi ilivyo sodiamu. Nimewahi kukaa na mama mmoja jikoni kwake, mgonjwa wangu ambaye dawa zilikuwa hazimshiki, nikamwomba apike kama siku zote. Chumvi alitia kidogo kabisa, ananitazama kama mtoto anayeonyesha kazi yake ya shule. Magadi alitia kwa vidole vitatu, mara mbili. Hakunificha chochote. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Bibi zetu walitumia munyu wa majivu. Wachache hapa bado wanajua: unachoma maganda makavu ya maharagwe au ya ndizi, majivu unayatia kwenye chungu kilichotobolewa chini, unamwagia maji polepole, na yanadondoka maji ya rangi ya chai. Hayo ndiyo yalilainisha mboga. Majivu ya mimea yana potasiamu nyingi kuliko sodiamu, kinyume cha magadi. Sisemi kila mtu arudi kuchoma maganda, na mwenye figo mbovu asiyaguse, maana potasiamu nayo humdhuru. Nasema tu kwamba tulipobadilisha kikopo jikoni tulidhani ni kitu kile kile. Mrenda huiva hata bila magadi ukikatwa mdogo na kupikwa kidogo zaidi. Na samaki wa chumvi alowekwe usiku, maji yamwagwe, alowekwe tena. Omena waliokaushwa juani bila chumvi hawana ugomvi na mimi.

Ukubwa wa tatizo, kwa ufupi. Uchunguzi wa kitaifa wa Uganda wa mwaka 2014 ulikuta kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha, na kati ya hao, wasiozidi mmoja kwa kumi ndio walioijua. Upande wa pili wa mpaka, uchunguzi wa Kenya wa mwaka 2015 ulikuta zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kufungwa ule mkanda mkononi tangu wazaliwe.

Dawa zipo, na si za ajabu. Mwaka 2019 yalichapishwa majaribio yaliyofanyika katika nchi sita za Afrika, Uganda na Kenya zikiwemo, yakilinganisha dawa mbili mbili kwa wagonjwa Waafrika. Waliopewa amlodipini pamoja na haidroklorothiazaidi, au amlodipini pamoja na perindoprili, walishuka vizuri zaidi kuliko waliokosa amlodipini. Hizi ni dawa za kawaida, za zamani. Amlodipini inaweza kuvimbisha miguu. Usikimbie kusema figo zimekufa, njoo useme. Haidroklorothiazaidi inakojolesha, imeze asubuhi, upate usingizi. Enalaprili, ndugu ya perindoprili, inaweza kukuletea kikohozi kikavu cha wiki na wiki. Nimeona mtu akimeza dawa za kikohozi miezi mitatu wakati tiba ilikuwa kubadilisha kidonge kimoja. Mama mwenye mimba au anayeitarajia aseme mapema, maana enalaprili na ndugu zake humdhuru mtoto tumboni.

Ugumu hauko kwenye kidonge. Uko kwenye neno “dozi”. Eneo hili, kutoka hapa hadi Tororo, malaria imetulea. Tunajua: vidonge 24, siku 3, dozi imeisha, umepona. Basi mtu wa presha anapewa vidonge vya siku 30, anavimaliza, anapimwa, namba ni 128, anafurahi: dozi imeisha. Haji tena. Miezi sita baadaye analetwa amebebwa kwenye machela, upande mmoja hausogei, na watu nyumbani wanatafuta aliyemroga. Ile 128 ilikuwa kazi ya kidonge cha asubuhi ile. Presha haina dozi ya kumaliza. Ina chakula cha kila siku, kama ugali.

Na pale dukani jioni, mbeba mizigo wa mpakani anayenunua diklofenaki kwa ajili ya mgongo, kila siku, mwaka mzima: hiyo hupandisha presha na kuziumiza figo, na hupunguza nguvu ya dawa ya presha aliyoimeza asubuhi. Hilo lisemwe pia.

Sasa nije kwenye daftari la kliniki. Ninyi nyote mnalijua: lile la shule, nyuma limechapwa jedwali la kuzidisha, mnalonunua langoni mwa kituo ili daktari aandike. Wengi mna matatu. La Masafu, la Tororo, la kliniki ya binafsi, na siku ukivuka kwenda hospitali ya kaunti upande wa Kenya, unanunua la nne. Mpaka huu unatupa faida: dawa ikikosekana huku, tunaitafuta kule. Lakini nimemkuta mzee anameza vidonge viwili vya rangi tofauti, kimoja cha Uganda na kimoja cha Kenya, akijua ni dawa mbili. Majina makubwa kwenye pakiti yalikuwa tofauti. Herufi ndogo chini zilisema amlodipini, zote mbili. Alikuwa anameza mara mbili ya alichoandikiwa, na kila daktari aliona nusu tu ya habari. Someni herufi ndogo. Kama macho yamechoka, mpe mjukuu asome.

Kwamba jambo hili linawezekana vijijini, tumeshaliona. Kuanzia mwaka 2013 utafiti mkubwa ulioitwa SEARCH, ulioongozwa na Moses Kamya wa Makerere, Diane Havlir wa Marekani na wenzao, uliingia katika jamii 32 za vijijini Uganda na Kenya, mashariki mwa Uganda ikiwemo. Waliweka mahema, wakapima ukimwi, presha na sukari siku moja, mahali pamoja, na katika vijiji vya upande mmoja wa majaribio wakawafuata watu kwa tiba iliyo karibu na yenye urafiki. Matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba katika vijiji hivyo wenye presha walioidhibiti walikuwa wengi zaidi kuliko kwingine. Hawakuleta kidonge kipya. Walileta hema, kiti, na mtu wa kukuuliza mbona hukuja juzi.

Mwenye ukimwi katika wilaya hii ana kadi, ana tarehe, ana mtu wa kumpigia simu akikosa, na dawa zake kwa miaka mingi zimelipiwa kwa sehemu kubwa na wafadhili. Jirani yake mwenye presha anaambiwa dawa zimekwisha, akanunue. Mimi naliona hilo kuwa dosari ya mpango, na wenye mamlaka wakiwa hapa wanisikie. Ila wakati tunangoja, kikundi chenu cha akiba kinachokutana kila wiki tayari kina katibu, kina kalamu na kina daftari la fedha. Safu moja zaidi ya presha haitakosa nafasi.

Nimemaliza. Mmekaa kwenye viti muda mrefu, nyayo chini, bila kusema, hata wale wa boda. Kwa hiyo mmetimiza zile dakika tano na zaidi. Meza iko chini ya mwembe, mashine mbili, mikanda mikubwa na midogo, na leso imetundikwa upande wa kushoto kwa akina mama. Wazee kwanza. Waliokunywa kahawa pale nyuma, niliwaona, watasubiri nusu saa.